SOMO LA KIINGEREZA: NENO "RUN" LINA MAANA NGAPI?



Wanafunzi wapenzi, na wazazi wetu mnaosomewa jarida hili na watoto wenu jioni. Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache kwa masomo ya skuli, na mwaka huu nimetakiwa mimi niandike juu ya Kiingereza. Nilitaka kwanza kuandika juu ya nyakati za vitenzi, kisha nikaona hayo mnayapata darasani mpaka mnachoka. Basi nimechagua neno moja tu. Ni neno dogo la herufi tatu, na kila mmoja wenu anadhani analijua. Neno lenyewe ni "run".

Ukimuuliza mtoto wa skuli maana ya "run" atakujibu bila kufikiri: kimbia. Jibu hilo ni sahihi. Lakini aliyelishika jibu hilo peke yake atakwama mara nyingi kuliko atakavyopita, na mimi ni mmoja wa waliokwama. Kabla ya somo nitakusimulieni namna nilivyokwama, maana nyumbani kwetu neno hili si jambo la mtihani tu.

Nilikuwa kidato cha pili. Bibi yangu mzaa baba alikuwa na maradhi ya presha, na alikuwa akitibiwa na daktari mgeni asiyejua Kiswahili. Siku moja alirudi na mfuko wa vidonge na kikaratasi kilichokunjwa. Nyumbani msomaji wa Kiingereza nilikuwa mimi peke yangu, na nilikuwa nikijivunia kweli. Baba akanipa karatasi mbele ya watu wote. Ilikuwa na mistari miwili: "Her tablets run out on Thursday. Please do not let her run out."

Nikasoma kwa sauti, kisha nikafasiri kwa sauti kubwa zaidi: "Vidonge vyake vinakimbia nje siku ya Alhamisi. Tafadhali msimwache akakimbia nje." Baba akauliza, "Vidonge vinakimbiaje, mwanangu?" Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema sijui. Nikaona haya. Nikasema labda nguvu ya dawa ndiyo inayotoka siku hiyo, kwa hivyo bibi asitoke nje akapigwa na jua. Kila mtu akaona maneno hayo yana akili. Alhamisi bibi akazuiwa ndani kutwa nzima, hata kwa shoga yake nyumba ya tatu hakuruhusiwa kwenda, naye akanung'unika mpaka Magharibi. Usiku akameza kidonge cha mwisho. Hakuna aliyekwenda kuchukua vyengine, kwa sababu hakuna aliyejua kuwa karatasi ilisema viende vikachukuliwe.

Alfajiri ya Jumapili tulimkuta hawezi kuinua mkono wa kushoto. Alilazwa siku tisa. Alhamdulillah alirudi, na aliishi nasi miaka mingi baada ya hapo, lakini mkono ule haukurudi kama ulivyokuwa. Bibi alikuwa msusi wa mikeka. Ukili wake ulikuwa ukijulikana mtaa mzima. Ukili hausukwi kwa mkono mmoja. Mkeka aliokuwa ameuanza wiki ile ulikaa juu ya kabati haujamalizika. Daktari hakumlaumu mtu, na bibi mwenyewe hakuniambia neno hata siku moja. Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Sasa tuingie katika somo.

Waingereza wana kamusi yao kubwa inayoitwa Oxford English Dictionary. Sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884, na kazi yote ikamalizika mwaka 1928. Toleo la pili lilitoka mwaka 1989 likiwa na majuzuu 20. Katika toleo hilo neno lililokuwa na maelezo marefu kuliko yote lilikuwa "set", na kitenzi hicho kilihesabiwa maana 430. Kisha wataalamu wakaanza kuipitia kamusi upya kwa toleo la tatu. Walipofika kwenye "run", mtaalamu mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo yapata miezi tisa. Mwaka 2011 ikatangazwa kuwa kitenzi "run" peke yake kimefikia maana 645. Miezi tisa kwa herufi tatu! Mwanafunzi anayelalamika kuwa amepewa maneno kumi ya kuhifadhi kwa wiki na amkumbuke bwana huyo.

Hata kamusi zetu za kawaida zinaonesha jambo hilo. Fungua kamusi yoyote nzuri ya Kiingereza kwa Kiswahili, kama ile ya TUKI iliyotoka mwaka 1996, uitafute "run". Utakuta kimbia hapo juu, kisha vinafuata vitenzi vya Kiswahili chungu nzima visivyofanana hata kidogo. Mwanafunzi mvivu husoma cha kwanza akafunga kitabu. Nilikuwa hivyo hivyo.

Usiogope hesabu ya 645. Hakuna Mwingereza aliyezihifadhi zote, na wewe hutakiwi uzihifadhi. Linalotakiwa ni kujua zilitoka wapi na namna ya kuzitambua.

Mzizi wa neno hili ni wa kale sana. Katika Kiingereza cha zamani, zaidi ya miaka elfu iliyopita, lilitumika kwa mtu anayekwenda mbio na pia kwa maji yanayotiririka. Ndugu zao Wajerumani waliyagawa mambo hayo mawili: kwao "rennen" ni kukimbia na "rinnen" ni kutiririka. Waingereza wakabaki na neno moja kwa yote mawili. Kwa hivyo tangu zamani ndani ya "run" mna wazo la kitu kwenda mfululizo bila kusimama, ikiwa ni mtu au ni maji. Ukilishika wazo hilo, maana nyingi zitakufungukia zenyewe.

Tuanze na maji. "The river runs to the sea" ni mto unaotiririka kwenda baharini. "The tap is running" si bomba lililoota miguu, ni bomba lililofunguliwa maji yakawa yanatoka. "Her nose is running" ni kutokwa na kamasi. "The well has run dry" ni kisima kilichokauka. Na kwenye nguo nyingi za dukani kuna kitambaa kidogo ndani ya ukosi kimeandikwa "colours may run". Maana yake ni kuwa nguo inachuja rangi. Anayedhani rangi itakimbia ataitia nguo hiyo nyekundu katika beseni moja na kanzu nyeupe za Ijumaa, kisha atavaa kanzu ya waridi. Mama zetu wanalijua hilo bila ya Kiingereza.

Kutoka kwenye maji wazo likaenda kwenye vitu vilivyonyooka kama mto, hata kama havisogei. "The railway runs from Dar es Salaam to Kapiri Mposhi." Reli ya TAZARA ina urefu wa kilomita 1,860 na imelala palepale tangu ilipojengwa, haikimbii wala haitembei. Jicho ndilo linalokwenda nayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiswahili nacho kina tabia hiyo: tunasema barabara inapita kando ya bahari, au barabara inakwenda Makunduchi, na hakuna anayeuliza itafika saa ngapi. Vilevile "the wall runs round the house", ukuta umeizunguka nyumba.

Kisha likaenda kwenye muda. "The contract runs for two years" ni mkataba unaodumu miaka miwili. Wazazi wanaotia saini mikataba ya kupangisha nyumba waliangalie hili vizuri. Na "the meeting is running late" si mkutano unaokimbia, bali ni mkutano unaochelewa! Hapa mtu anaweza kuona kichekesho, kwa sababu neno la haraka limekuja kueleza uchelewaji. Lakini rudi kwenye wazo letu: mkutano unaendelea, unatiririka, umepita saa yake.

Wakaja na mashine. Mwaka 1825 ilifunguliwa Uingereza reli ya Stockton na Darlington, na karne hiyo ikajaa viwanda, meli za moshi, saa na injini. Vyote hivi vilihitaji kitenzi, na Waingereza hawakutunga kipya, wakachukua kile kile. Treni "runs", saa "runs", injini "runs", na mwisho ikaja kompyuta nayo ina programu ambayo "runs". Baadhi ya maana hizo 645 zilizaliwa hivyo. Sisi tulipoletewa saa tulisema inakwenda, na ikisimama tunasema haiendi. Tulichagua kwenda, wao walichagua kukimbia. Mabaharia wao walikuwa wamelitumia neno hili kwa vyombo vya upepo zamani zaidi: jahazi linalokwenda na upepo wa nyuma wanasema "running before the wind", na likipanda mwamba "it has run aground".

Sasa naomba msome aya hii polepole, kwa sababu nadhani ndiyo yenye faida kuliko zote. Kiswahili kina kauli za vitenzi. Tukitaka kueleza kuwa mtu anakifanya kitu kiende, tunabadilisha mkia wa kitenzi: enda inakuwa endesha, kimbia inakuwa kimbiza, zunguka inakuwa zungusha. Kiingereza hakina mkia huo. "Run" linabaki "run", na kinachokujulisha ni kile kinachofuata mbele yake. "The machine runs" ni mashine inakwenda. "He runs the machine" ni anaiendesha mashine. "My aunt runs a shop" ni shangazi yangu anaendesha duka. "Who runs this school?" ni nani anayeiendesha skuli hii, na wala si nani anayeikimbia, ingawa kwa baadhi yenu swali hilo la pili lingekuwa na majibu mengi zaidi. Basi ukikuta baada ya "run" kuna jina la kitu bila kijineno chochote katikati, ijaribu kwanza endesha. Aghlabu itakubali.

Na hapa pana ajabu ndogo ambayo sijaiona katika kitabu cha skuli. Kiswahili tunasema anaendesha gari, anaendesha mkutano, na mgonjwa aliyeharibikiwa tumbo tunasema anaendesha, au ana tumbo la kuendesha. Katika Kiingereza kinachosemwa Afrika Mashariki utasikia "running stomach" kila zahanati. Mwingereza wa kwao hasemi hivyo mara nyingi, lakini naye katika mazungumzo ya nyumbani huyaita maradhi hayo "the runs". Lugha mbili za mbali, hazina udugu, na zote zimekwenda zikachukua neno la gari na mkutano zikalitia tumboni. Kwa hivyo msidhani kuwa Waingereza peke yao ndio wenye mambo ya ajabu.

Zipo maana ambazo endesha haikubali, nazo ni za kuzijua tu kwa kuzoea. "Run a temperature" ni kuwa na homa. "Run a risk" ni kujitia hatarini. "Run an errand" ni kwenda kutumwa, na mnaotumwa dukani kila jioni mnaweza kulichukua hilo kuwa lenu. "Sugar disease runs in their family" ni maradhi ya sukari yamo katika ukoo wao. Ukijaza karatasi za hospitali utakutana na swali la namna hii, na ni lazima ulijibu kwa ukweli.

Katika siasa kuna tofauti ya kuchekesha. Mmarekani anayetaka urais "runs for president". Mwingereza anayetaka ubunge "stands for Parliament". Mmoja anakimbia, mwengine amesimama, na wote wawili wanatafuta kura. Sisi tunasema anagombea.

Ama katika mchezo wa kriketi, "run" ni hesabu ya ushindi. Asili yake ni wachezaji kukimbia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Lakini mchezaji akiupiga mpira ukavuka mpaka wa uwanja bila ya kugusa chini, anapewa "runs" sita bila ya kunyanyua mguu. Na kwenye benki "a run on the bank" ni watu kukimbilia benki kwa pamoja kutoa fedha zao kwa hofu kuwa itafilisika, kama ilivyotokea Uingereza mwezi wa Septemba 2007 kwa benki ya Northern Rock, watu wakapanga foleni mpaka barabarani. Hapo kidogo kimbia yetu ya darasa la kwanza imerudi na heshima yake.

Sasa tuje kwenye vijineno: out, into, over, down, away, through na wenzao. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoangukia, na ndipo nilipoanguka mimi. Kosa letu ni kufasiri neno la kwanza, kisha kufasiri la pili, kisha kuyaunganisha. "Run" ni kimbia, "out" ni nje, basi ni kukimbia nje. Mara chache inakuwa hivyo kweli: "the boy ran out of the room", mtoto alitoka chumbani mbio. Lakini mara nyingi maneno hayo mawili yameshaoana yakazaa la tatu lisilofanana na baba wala mama. Yachukue kama neno moja na uyatafute katika kamusi kama neno moja.

"Run into" ina sura mbili. "The car ran into a tree" ni gari limeugonga mti. "I ran into my teacher in Darajani" ni nimekutana na mwalimu wangu Darajani bila ya kutarajia, na mwalimu ni mzima. "Run over" ni kukanyagwa na gari. "Run away" ni kutoroka. "Run through the lesson" ni kulipitia somo haraka haraka. "Run up a debt" ni kulimbikiza deni. "Run down" ukiitumia kwa betri ni kwisha moto, ukiitumia kwa mtu aliyefanya kazi kupita kiasi ni kuchoka mno, na "to run somebody down" inaweza kuwa kumgonga kwa gari au kumsema vibaya. Msemwaji huenda akaona hayo mawili hayana tofauti kubwa, lakini polisi wataiona.

Sasa "run out", na nitaieleza kwa urefu. Wazo lake ni lile la maji: chombo kilikuwa na maji, yakatiririka, mpaka yote yakatoka. Kwa hivyo "run out" ni kwisha. Kikiwa kinachotajwa ni kitu, kitu hicho kimekwisha: "the rice has run out", mchele umekwisha. Akiwa anayetajwa ni mtu, mtu huyo ameishiwa, na kitu alichoishiwa kinaletwa na "of": "we have run out of rice", tumeishiwa na mchele. Na kama kitu kimeshatajwa kabla, "of" na kitu chenyewe vinaweza kuachwa, pakabaki "we have run out" tu.

Someni tena karatasi ya daktari. "Her tablets run out on Thursday": vidonge vyake vinakwisha Alhamisi. "Please do not let her run out": tafadhali msimwache akaishiwa. Hakusema nje. Hakusema jua. Alikuwa akitwambia twende tukachukue vidonge vyengine kabla ya Alhamisi. Kitu cha kunishtua kilikuwepo wazi mbele ya macho yangu: vidonge havina miguu. Maana uliyoipata ikiwa haikai kwa kitu kinachotajwa, basi umekosea maana, na kitu hakina kosa. Mimi badala ya kuitilia shaka tafsiri yangu niliwatafutia vidonge miguu.

Baadhi yenu mtasema lugha gani hii, neno moja linabeba mizigo mia sita. Tulieni kidogo, mtazame mliyonayo. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaambiwa piga ni kumchapa mtu. Kisha anatusikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga hodi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga magoti, tunapiga kura, tunapiga mbizi. Lazima ajiulize simu ilifanya kosa gani. Sisi hatuoni ajabu kwa sababu hatukuyasoma kamusini, tuliyanyonya na maziwa.

Na katika Kiarabu mnachokisoma hapa chuoni, ndugu yake piga ni dharaba. Nalo kwa asili ni kupiga, lakini Waarabu hupiga mfano kwa neno hilo, na sisi tumewafuata. Katika hesabu, dharb ni kuzidisha. Katika Suratun Nisaa aya ya 101 limekuja pamoja na ardhi, na maana yake ni kusafiri. Katika Suratul Kahf aya ya 11 limekuja pamoja na masikio, katika kisa cha wale vijana wa pangoni, na wafasiri wakaeleza kuwa ni kulazwa usingizi mzito. Aliyejifunza kuwa dharaba ni kupiga tu, kisha akazifasiri aya hizo kwa kuunganisha neno na neno, atasema jambo ambalo halimo. Ndiyo maana wanazuoni waliweka elimu maalumu ya maneno yenye sura nyingi katika Qur'ani, inayoitwa Al-Wujuh wan-Nadhair. Miongoni mwa walioandika mapema juu yake ni Muqatil bin Sulaiman, aliyefariki mwaka 150 Hijria, sawa na 767 Miladia. Hawakutosheka na maana ya kwanza. Walitazama neno limekaa na nani.

Hiyo ndiyo kazi mnayotakiwa muifanye na "run". Tazama kilicho nyuma yake: ni mtu, ni maji, ni mashine, ni muda, au ni barabara? Tazama kilicho mbele yake: ni jina la kitu, au ni kijineno, au hakuna chochote? Kisha jaribu Kiswahili ulichokipata, ukisome kwa sauti, umuulize mtu wa nyumbani kama kina maana. Akikuuliza "vinakimbiaje, mwanangu?" rudi kwenye kamusi. Na kama kamusi haipo, sema sijui, kisha utoke uende kwa anayejua. Siku ile mwalimu wangu wa Kiingereza alikuwa akikaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu.

Neno moja la mwisho juu ya umbo lake, kwa wanaojiandaa na mtihani. Wakati uliopita wa "run" ni "ran", na baada ya "has" au "have" linarudi kuwa "run". Kwa hivyo "the rice ran out yesterday", lakini "the rice has run out". Kila mwaka ninakutana na "runned" katika madaftari. Hakuna neno hilo.

Zoezi. Andika sentensi hizi kwa Kiswahili safi, na usitumie kimbia isipokuwa pale inapostahiki, maana katika sentensi moja inastahiki: "My grandfather ran a small shop near the harbour." "Do not leave the tap running." "The thief ran when he saw the dog." "I ran into your brother at the hospital." "This blue kanga will run if you wash it in hot water." "The path runs behind the mosque." "High blood pressure runs in our family." "The old woman's medicine is running out." Sentensi ya mwisho uiandike mara mbili: mara moja ukianza na dawa, na mara ya pili ukianza na mwenye dawa.

Majibu yaletwe chuoni Jumamosi baada ya Alasiri. Asiye na kamusi aje mapema. Ipo moja katika kabati la vitabu, jalada limechanika na kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa, lakini herufi ya R ipo yote.